Chang'aa Nyuma ya Soko

Jumapili, soko la Kibuye likifurika, mjomba aliacha mitumba yake na kupotelea nyuma ya vibanda, kwa mama pima. Sote tulijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu kusema ilikuwa kuita polisi.

Ukimya huo una historia. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka wa 1980, ikaruhusiwa tena na sheria ya 2010, ile ya Mututho, bora iwe na leseni na ije kwa chupa. Miaka thelathini ya kuruka madirisha! Pombe ikajificha, na gizani wengine wakaitia methanoli, inayopofusha na kuua. Novemba 2000, mitaa ya Mukuru kule Nairobi ilizika watu zaidi ya 100. Sheria ilibadilika, lakini mama pima wengi hawakuhama. Na sisi hatukuacha kunyamaza.

Mwaka juzi mjomba aliapa kuacha. Tukamfungia nyumbani, tukajipongeza. Siku ya pili alitetemeka, ya tatu akaanguka kifafa. Sikujua kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kufa, kwamba anahitaji daktari na dawa za kutuliza mwili, kisha ushauri wa miezi. Hata 1192, simu ya bure ya NACADA, sikuwa nimeisikia.

Tulimkimbiza Russia, hospitali tuliyojengewa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa 1969. Kutoka sokoni ni bodaboda kidogo tu. Muuguzi hakuuliza alikunywa kwa nani. Aliuliza glasi ya mwisho ilikuwa lini.