Malkia Ametolewa, Injini Ikanuna

Wasee, juzi nilikuwa Dunga nikingoja samaki wangu aive, nikacheza chesi na dogo mmoja wa Kondele, tukipokezana simu yangu. Alipata nafasi ya kutoa farasi ili amwache mfalme wangu wazi. Akasita, akarudisha kidole. Nikamuuliza mbona. "Injini itanipiga alama nyekundu, bro."

Manze, jibu hilo limekataa kunitoka. Kwa hivyo leo tunaenda Sochi, Urusi, mwaka 1958.

Kuna jamaa anaitwa Rashid Nezhmetdinov. Mtatari, alizaliwa 1912 huko Aktyubinsk, Kazakhstan ya leo, akawa yatima akiwa bado mdogo. Alishinda ubingwa wa Jamhuri ya Urusi mara 5, lakini ugrandimasta hakuwahi kupewa. Siku hiyo anacheza na Lev Polugaevsky, na yeye ndiye mweusi. Malkia wake ameingia mpaka h2, ndani kabisa ya nyumba ya mzungu. Ndio, mimi vipande vyeupe naviita mzungu, mnisamehe. Hatua ya 24, Polugaevsky anasogeza ngome h1: toa malkia au umpoteze.

Nezhmetdinov hakumtoa. Alichukua kitunda cha f4 kwa ngome yake, malkia akabaki pale pale. Akaliwa. Mfalme mweupe akafukuzwa kwa cheki moja hadi d4, katikati ya uwanja. Sasa wewe na mimi tungeendelea kupiga cheki mpaka pumzi ituishie, si ndio? Yeye akarudisha askofu g7, pole pole, bila cheki yoyote. Ana deni la malkia na anacheza kama mtu amekaa Lwang'ni anachambua mifupa! Lakini angalia mstari: askofu g7, farasi wake e5, mfalme d4. Farasi akiondoka tu, askofu anapiga cheki. Mfalme akakimbizwa mpaka a5, na hatua ya 33 Polugaevsky akasalimu amri.

Programu za zamani zilisumbuka na hatua kama hiyo, na sababu si uchawi. Zilihesabu vipande kwanza, halafu zikaangalia mbele hatua chache. Ukitoa malkia leo na faida ije baada ya hatua nyingi, faida iko nyuma ya upeo wao. Na hatua ya kimya ndiyo mbaya zaidi kwao, kwa sababu cheki hulazimisha jibu moja au mawili tu, lakini ukimya huacha majibu kibao ya kupimwa.

Usidhani nasema mashine ni mjinga. Deep Blue ya IBM ilipima nafasi kama milioni 200 kwa sekunde, na Mei 1997 ikamshinda Kasparov 3.5 kwa 2.5. Gemu ya mwisho yenyewe ilitoa farasi e6, ila hatua hiyo ilikuwa kwenye kitabu cha ufunguzi ambacho watu waliipakia. AlphaZero ya 2017 ndiyo ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, na ikawa inatoa vipande bila haya.

Upande wetu wa ziwa, mnamjua Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Kete alionyeshwa na mtoto mdogo kumliko, kocha wake akawa Robert Katende, na mwaka 2010 alikuwa Urusi kwenye Olimpiadi ya chesi. Filamu yake ya 2016 mama yake aliigizwa na Lupita, binti ya Anyang' Nyong'o, gavana wetu hapa Kisumu. Phiona alianza uso kwa uso na watu, si na alama nyekundu.

Mimi niliacha chuo, na kuna mjomba ambaye kila Krismasi ananihesabia vipande nilivyopoteza. Sisemi mimi ni Nezhmetdinov. Labda hesabu yake ni sawa kabisa.

Ila dogo, ile nafasi yetu niliipitisha kwa injini usiku, kabla stima haijapotea. Inasema kutoa farasi kungekuwa kosa, kuna jibu moja tu la kukuzuia. Omera, hilo jibu mimi sikuwa nimeliona. Ungenimaliza. Nafasi nimeihifadhi, Jumamosi tukutane Dunga, anza na huyo farasi.