Kumulika: ziwani na gazetini

Usiku usio na mbalamwezi, ukitazama Ziwa Victoria kutoka ufukwe wa Nyamagana, jijini Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa majini kama mji mwingine. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa huufuata mwanga, wavu ukawazoa. Huko ndiko kumulika kwenyewe.

Gazetini, kumulika ni kuanika yaliyofichwa: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humulika hesabu za halmashauri. Maana zote mbili ni sahihi. Ila wahenga walituasa: umulikapo nyoka, anzia miguuni pako. Mwandishi, kabla hujammulika kiongozi, hakiki kwanza ushahidi wako.