Kasri la Wafalme Sita

Dereva wa teksi alitushangaa. Dada akanitafsiria: "Anasema huko ni mawe tu, hakuna hata kibanda cha chai."

Ilikuwa Ijumaa, siku pekee ambayo dada yangu hupumzika katika nyumba anayofanyia kazi mjini Amman. Mimi nilikuwa nimekuja Jordan kwa warsha ya waandishi, tiketi nimelipiwa. Yeye amekaa huko miaka mitatu na hakuwahi kutoka nje ya mji.

Qusayr Amra iko yapata kilomita 85 mashariki mwa Amman, kando ya barabara ya Azraq. Malori yanapita, changarawe pande zote, halafu ghafla unaona paa tatu za mviringo zimelala sambamba, na kuba dogo pembeni. "Ndiyo hii?" dada akauliza. Ni ndogo kuliko kanisa la mtaani kwetu.

Jina lenyewe linakubali. Sisi Waswahili tulichukua neno kasri kutoka kwa Waarabu. Qusayr ni kasri dogo, kijikasri. Watu huiita ngome ya jangwani, lakini hapa hapakuwa mahali pa vita. Ni ukumbi wa kupokelea wageni, na nyuma yake hamamu. Nje kuna kisima, ambapo mnyama alizunguka siku nzima akivuta maji. Ndani, moto uliwashwa chini, hewa ya moto ikapita chini ya sakafu. Kwenye kuba la chumba cha joto wamechora anga, nyota na buruji zake. Ukutani kuna watu wanawinda, na wanawake wanaoga. "Hawa hawana nguo!" dada akasema, akacheka hadi mlinzi akageuka.

Aliyejengewa raha hii ni Walid ibn Yazid wa ukoo wa Umayya, kabla hajawa khalifa. Alikuwa mshairi, mpenda mvinyo na mawindo, na hakupatana na baba yake mdogo, Khalifa Hisham, aliyekuwa amekalia kiti alichokisubiri. Akaishi nyikani, mbali na Dameski. Kiti alikipata mwaka 743. Mwaka 744 akauawa. Kufikia 750 Waabbasi walikuwa wameupindua ukoo mzima, na makao ya ukhalifa yakahamia Iraq. Kijikasri kikabaki na wafugaji.

Lakini mimi nilikuwa nimekuja kumwona mtu mmoja. Kwenye ukuta wa magharibi, karibu na mahali mwana mfalme alipokaa, wamechorwa wafalme sita wamesimama. Nyuso zimeliwa na wakati, ila majina yaliandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu: Kaisari wa Rumi, Kisra wa Uajemi, Roderic wa Hispania ambaye majeshi ya Waislamu yalimshinda mwaka 711, na Najashi wa Uhabeshi. Wawili waliobaki majina yao hayasomeki.

Najashi! Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, walivuka bahari wakakimbilia kwa mfalme wa Uhabeshi, akawapa hifadhi. Karne moja hivi baadaye, cheo chake kipo ukutani katikati ya jangwa, pamoja na wakubwa wa dunia. Nilipiga picha kama ishirini.

"Dada, huyu ni wa kwetu."

"Huyo ni Muethiopia," akasema. Kisha akasogea karibu. "Na mbona wananyoosha mikono hivyo? Wanaomba nini?"

Wanahistoria wamebishania swali hilo hilo miaka mingi. Wengine husema hawa ni wafalme walioshindwa, wanamnyenyekea mshindi. Wengine husema wanamkaribisha mwenzao mpya. Dada hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya mahali hapa. Aliangalia mikono tu.

Jina la mwenyewe nalo lilipotea. Alois Musil, msomi Mcheki, alifika hapa mwaka 1898, akarudi 1901 na mchoraji. Walijaribu kubandua baadhi ya picha, wakaharibu, na vipande viko Berlin hadi leo. Kwa zaidi ya miaka mia wasomi walibishana kasri hili ni la nani. Mwaka 2012, mafundi wakisafisha ukuta, maandishi yakatokea chini ya uchafu: dua ya kumwombea Walid mwana wa Yazid. Hakuitwa khalifa, kwa hivyo ilikuwa kabla ya 743.

Tulipokuwa tunatoka, mlinzi alitushika akatuonyesha dari ya upande wa mashariki. Imegawanywa visanduku visanduku, na ndani yake kuna watu wa kazi. Maseremala wanapasua mbao. Wahunzi. Waashi na mawe yao. Ngamia aliyebebeshwa mzigo. Mtu aliona ni sawa kuwachora waliojenga, juu ya vichwa vya wageni wa mwana mfalme. Majina hawana.

Dada alikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, shingo imepinda. Bila kunitazama akauliza, "Na wewe chuo unamaliza lini?"

Karo ya mihula miwili niliyoacha kusoma aliituma yeye. Nilikula hiyo pesa, nikalipa nyumba, nikajifanya bado niko darasani. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa simu siku moja, nikiwa mbali. Nikamwambia pale pale.

Alinyamaza hadi tukafika kwa teksi. Dereva alikuwa amelala. Dada akagonga kioo, akamwambia kitu kwa Kiarabu, wakacheka wote wawili, mimi sikuelewa.

Tukiwa njiani ndipo akaniongelesha. "Pesa yangu utarudisha. Nitakuandikia kila senti." Baadaye kidogo: "Na hii ya leo utaiandika?"

Nikasema ndiyo.

"Basi jina langu usiweke. Mama wa ile nyumba husoma kila kitu kwa simu, hata Kiswahili ataweka itafsiriwe."

Kwa hivyo hapa yeye ni dada tu.