Fahamu Kuhusu Ujazaji wa Risasi Nyumbani na Mipaka Yake Kisheria

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Umiliki wa silaha na risasi nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Leseni anayopewa mwananchi chini ya sheria hiyo ni ya kumiliki. Si kibali cha kutengeneza silaha wala risasi. Ufafanuzi huu ni muhimu wakati huu ambapo video za mtandaoni zinaonesha wawindaji na walenga shabaha wa mataifa mengine wakijaza risasi katika vyumba vya nyumba zao, na mtazamaji kudhani kuwa ni ufundi ambao mtu yeyote anaweza kuuiga.

Sehemu nne za risasi

Risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda, ambalo aghalabu ni la shaba nyeupe au chuma, fataki, iliyopachikwa katika kitako cha ganda, baruti, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka kuelekea shabaha. Kipiga cha bunduki kinapogonga fataki, cheche huwasha baruti na gesi yake hukisukuma kichwa nje ya mtutu.

Baada ya mlio hubaki ganda, na hapo ndipo ujazaji unapoanzia. Ganda husafishwa na kukaguliwa nyufa, fataki iliyotumika huondolewa, ganda hurejeshwa katika kipimo chake cha awali, kisha fataki mpya, baruti na kichwa huwekwa kwa mpangilio huo. Si kila ganda linafaa. Maganda ya chuma na yale ya muundo unaojulikana kama Berdan, yanayotumika sana katika risasi za kijeshi, ni vigumu kujazwa upya.

Nchini Marekani, Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inamtaka anayetengeneza risasi kwa ajili ya biashara kuwa na leseni, lakini haimtaki hivyo anayejaza kwa matumizi yake binafsi. Nchini Uingereza, mnunuzi wa fataki hupaswa kuonesha cheti cha silaha au uthibitisho mwingine unaotambuliwa na sheria.

Kwa nini meza ni suala la usalama

Katika nchi zinazoruhusu kazi hiyo, jambo la kwanza ni meza. Mashine ya kugandamiza huendeshwa kwa mkono kupitia mtaimbo wenye nguvu kubwa, na meza hafifu hutikisika kila unaposhushwa. Kwa sababu hiyo meza hujengwa kwa miguu minene iliyoungwa kwa mihimili, uso wa mbao nzito usiopinda, na hufungwa ukutani kwa bolti. Mizani ya baruti huwekwa mbali na mashine, kwani mtikisiko mdogo hubadilisha kipimo.

Kipimo chenyewe hakivumilii makosa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065. Mgandamizo ndani ya bunduki ya kuwindia unaweza kufikia mara 4,000 ya ule wa hewa ya kawaida. Ganda lililojazwa baruti mara mbili kwa kusahau linaweza kupasua bunduki mbele ya uso wa mpigaji. Ganda lililosahauliwa baruti nalo ni hatari: fataki pekee inaweza kukikwamisha kichwa ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua.

Uhifadhi ni hatari nyingine. Kanuni za zimamoto zinazotumika Marekani huelekeza baruti ikae katika vyombo vyake vya asili, na inapozidi kilo 9 iwekwe katika sanduku la mbao. Sanduku la chuma lililofungwa kabisa halifai, kwa kuwa huzuia gesi isitoke na kugeuza moto kuwa mlipuko.

Hali ilivyo nchini

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizosaini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004, kuhusu udhibiti wa silaha ndogo na nyepesi katika eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inazitaka nchi kuufanya utengenezaji wa silaha na risasi bila idhini kuwa kosa la jinai. Aidha, tafsiri yake ya risasi inajumuisha ganda, fataki, baruti na kichwa, pale ambapo sehemu hizo zenyewe zinahitaji kibali.

Suala hili si geni vijijini. Gobore hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa makadirio ya macho, bila mizani, na mara nyingi baruti hiyo huhifadhiwa jikoni au chini ya kitanda. Hatari zilizoelezwa hapo juu zote zimo humo, tena bila meza wala kipimo. Mwaka 2022, Serikali ilitoa kipindi cha msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, ili wanaomiliki silaha kinyume cha sheria wazisalimishe kwa hiari.

Taifa pia lina kumbukumbu ya milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, iliyogharimu maisha ya watu jijini Dar es Salaam. Ikiwa zana za ghala la jeshi zinaweza kuleta maafa, baruti iliyo ndani ya nyumba yenye watoto na jiko la mkaa haiwezi kuitwa salama.

Wajibu wa mwananchi

Mwenye leseni anapaswa kununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa tu, na kuzifungia mahali ambapo watoto hawafiki. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu wasipokee risasi nzima wala maganda yenye fataki ambayo haijalipuka, kwani fataki huweza kulipuka inapogongwa au kuchomwa.

Mwananchi anayeokota risasi au kitu anachokishuku asikiguse, asikigonge wala kukitupa motoni. Awazuie wengine kukisogelea na kutoa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa kupiga simu namba 112.