Ngozi imetwaharika, maji je?

Sisi tuliosoma madrasa tunajua kuwa kudabighi hutwaharisha ngozi ya mzoga. Maji yanayobaki ndiyo kazi. Viwanda vingi duniani hudabighi kwa chumvi ya kromiamu, na kwa njia ya kawaida karibu thuluthi ya kromiamu hiyo haishiki kwenye ngozi; humwagwa. Kule Dhaka, Bangladesh, viwanda vya Hazaribagh viliuchafua mto Buriganga kwa miongo, hadi vikahamishiwa Savar mwaka 2017.

Dawa ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kutochanganya. Maji ya kung'olea manyoya yana salfaidi. Yakikutana na maji yenye asidi hutoka gesi inayonuka kama yai viza, nayo huua. Kwa hiyo kila maji na mtaro wake. Yale ya salfaidi hupulizwa hewa, pamoja na manganizi kidogo. Yale ya kromiamu hutiwa magnesia, kromiamu ikatuama chini. Tope lake huyeyushwa kwa asidi ya salfa, likarudi kazini. Hapo mwenye kiwanda anaokoa pesa pia. Ndipo yafuate mabwawa ya bakteria na matete.

Chumvi ya kuhifadhia ngozi ndiyo kaidi: matete hayaiondoi. Afadhali ikung'utwe kavu, kabla ya kuosha.

Wapo wasemao turudi kwenye magome; Lamu iliwahi kuuza ng'ambo magome ya mikoko kwa kazi hii. Mikoko kuchunwa tena sikubali. Yawe ya miwati, mti unaopandwa bara. Hata hivyo maji yake meusi hula oksijeni ya mto, nayo yataka kusafishwa vilevile.