Kizuri Hakijiuzi: Mifarishi ya Gee's Bend na Bei ya Kazi ya Mkono

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu, na wachuuzi huipenda. Lakini ipo historia moja ya sindano na uzi inayotulazimu kuitazama upya.

Gee's Bend ni kijiji kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu, katika wilaya ya Wilcox, kusini mwa Marekani. Wakazi wake wengi ni vizazi vya watumwa waliolima pamba katika shamba la ukoo wa Pettway, na hata leo wengi wao hubeba jina hilo la bwana wa zamani. Wanawake wa kijiji hiki walirithishana ushonaji wa mifarishi, yaani matandiko mazito ya vitambaa vilivyoungwa, yenye pamba katikati, yakapitishwa sindano kwa mkono kutoka upande hadi upande. Suruali za shambani zilizochakaa na magunia ya unga yote yaligeuzwa mfarishi. Lengo halikuwa sanaa ya kutazamwa. Lengo lilikuwa kuizuia baridi iliyopenya katika kuta za mbao. Mfarishi haukuwa na bei, maana haukushonwa kwa ajili ya mnunuzi.

Miaka ya 1960 ilileta msukosuko. Mwaka 1962 huduma ya kivuko kilichowavusha kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, ilikomeshwa. Mwaka 1965 Martin Luther King alifika kijijini, na watu weusi wakajitokeza kujiandikisha kupiga kura. Waliothubutu walilipa: wapo waliopoteza kazi, na wapo waliofukuzwa kwenye ardhi waliyoilima. Mwisho wa mwaka huo kasisi Francis X. Walter aliona mifarishi ikiwa imeanikwa nje ya nyumba moja, akaanza kuinunua kwa dola 10 kila mmoja ili ikapigwe mnada New York. Machi 1966 wanawake wa eneo hilo wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ambao kwa miaka mingi ulisimamiwa na Estelle Witherspoon.

Hapo ndipo suala la bei lilipozaliwa. Mshonaji aliye peke yake, mwenye njaa mlangoni, hukubali chochote anachopewa na mpita njia. Washonaji waliokaa pamoja waliweza kuhesabu: kitambaa ni kiasi gani, uzi kiasi gani, siku ngapi zimekwenda, na mikono mingapi imeshiriki. Kisha wakaitaja bei kwa sauti moja. Ushirika ulinunua ardhi, mwaka 1969 ukajenga jengo lake la ushonaji, na viwanja vingine ukaviuza kwa familia zilizofukuzwa mashambani. Bei ya haki, basi, haikuishia mfukoni. Iligeuka paa juu ya kichwa cha mtu aliyeadhibiwa kwa kutaka kura.

Hata hivyo soko nalo lilikuwa na masharti yake. Maduka makubwa ya New York yalitaka mifarishi iliyofanana, yenye mishono iliyolingana. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kandarasi ya kushona foronya za kodrai. Ujira ukawa wa uhakika, lakini mchoro haukuwa wao tena. Mikono ililipwa, na jicho la mshonaji likaachwa bila malipo.

Mwaka 2002 mifarishi ya zamani ya Gee's Bend ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney ya New York. Mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta ya Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai fungu lao la mapato na haki ya michoro yao. Mashauri hayo yalimalizwa mwaka 2008. Uzuri uliosifiwa ukumbini ulikuwa ule ule ulioning'inia kwenye kamba ya nguo. Kilichobadilika ni nani aliyeutaja, na mbele ya nani.

Lugha yetu ina siri juu ya jambo hili. Bei imetokana na neno la Kiarabu la kuuza. Thamani imetokana na neno ambalo kwa Waarabu humaanisha bei yenyewe, ilhali kima, tunachokitumia kwa kiasi cha fedha, kimetokana na neno la kueleza thamani. Maneno hayo mawili yamebadilishana viti yalipovuka bahari! Mswahili amekipa kila kimoja kazi yake: thamani huwa ndani ya kitu, bei husemwa na watu. Na kwa kuwa husemwa, asiyesema husemewa.

Nasi washairi tusijitenge. Anayeombwa utenzi wa harusi kwa malipo ya sahani ya pilau anamjua vema yule mshonaji wa mwaka 1965. Kizuri hakijiuzi, ndugu zangu. Kizuri hukaa kimya kwenye kamba, kikingoja aliyekifanya afungue kinywa.