Fedha za ndizi zilivyojenga hazina ya historia ya Wamaya

Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, Marekani, kina taasisi maarufu ya utafiti wa tamaduni za kale za Mexico na Amerika ya Kati. Ilianzishwa mwaka 1924 kwa fedha zilizotokana na ndizi.

Mfadhili wake, Samuel Zemurray, alikuwa mhamiaji aliyeanza kwa kununua bandarini Mobile, Marekani, ndizi zilizokwisha kuiva, ambazo makampuni yalizitupa, akaziuza upesi kabla hazijaoza. Baadaye alimiliki mashamba makubwa Honduras, na mwaka 1911 akagharimia uasi uliomrudisha madarakani rais wa zamani, Manuel Bonilla. Utajiri huo ndio uliokiwezesha chuo kupata hati na vitabu vya lugha za Kimaya alivyokusanya William Gates, ambaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi.

Mwaka 1925 chuo kilimtuma Frans Blom, mzaliwa wa Denmark, pamoja na Oliver La Farge kusini mwa Mexico na Guatemala. Huko La Venta, kwenye vinamasi vya Tabasco, walikuta jiwe lenye umbo la kengele limechomoza ardhini. Walipofukua kidogo pembeni yake, wakagundua kuwa ni sehemu ya juu ya kichwa kikubwa cha mtu kilichochongwa, chenye mzingo wa mita 6.3. Blom alielekea kuamini kwamba magofu ya La Venta ni ya Wamaya. Watafiti waliomfuata walithibitisha kuwa ni ya Waolmeki, waliotangulia karne nyingi kabla ya miji ya Wamaya kufikia kilele chake. Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu kutunzwa: anayekuja nyuma hupata pa kuanzia, na la kusahihisha.

Mwaka 1930 Blom aliongoza msafara wa kupima majengo ya Uxmal, mji wa kale wa Wamaya, na kutengeneza nakala za plasta za nakshi zake. Kutokana na kazi hiyo, mfano wa jengo la Uxmal ulisimamishwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933.

Wamaya hawakutoweka. Mamilioni wanazungumza lugha zao hadi leo, wengi wakiwa Guatemala na Mexico. Ardhi ya Amerika ya Kati ndiyo iliyozaa ndizi zilizolipia kazi hii, na hati zenyewe ziliandikwa kwa lugha za mababu zao. Basi wao ndio wawe wa kwanza kufunguliwa milango ya hazina hiyo.